Mahafali ya Wasio na Nyumba

Sehemu ya tisa

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe kwamba nikimuua Iddi mara ya pili, ananiacha mimi na gazeti. Tulia, ndugu yangu. Iddi hafi. Uzima wake ndio balaa lenyewe.

Tuliwaacha wote mlangoni mwa chumba cha Somoe, pale Makazi ya Mpito ya Stara, Miburani, kisiwani Mafia. Ndani, nyuma ya pazia, Somoe kakaa eda ya mumewe Iddi, mvuvi aliyezama. Nje, meneja Zubery anamtambulisha kwa Dakta Wafaa, mkuu wa mradi aliyeshuka na ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam. Zubery alikuwa amefika kwenye maneno "huyu ndiye mjane wetu" pale sauti ya kiume iliposema hodi nyuma ya mgongo wake.

"Hodi!" ikarudia.

Somoe akaangusha kikombe. Sauti hiyo alikwisha kuisomea hitima.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu amekufa."

"Hata mimi nimeambiwa."

Wageni wote wakageuka. Alikuwa amesimama mwanamume mwembamba, kanzu ya kuazima, mguu mmoja anauburuta. Bi Nasma, mkunga wa zamani anayekaa chumba cha jirani na mwenye ulimi usiojua likizo, akasoma Ayatul Kursi yote kwa pumzi moja, kisha akamfinya mgeni mkono.

"Ni yeye," akatangaza. "Mzuka haunuki jasho hivi."

Kwa wale mliofungia vitumbua sehemu zilizotangulia, nawakumbusha upesi. Bahari ilikula ufukwe wa kina Somoe kule kaskazini, na nyumba zikaondoka nao. Mradi wa Stara ukakodi ghala la zamani la mbata, ukaligawa kwa mbao, kila familia ikapata chumba. Paa halivuji, nasema haki. Na mlango wa Somoe una komeo. Mwanamke aliyelala na wanawe madarasani na kwenye baraza za watu alilipenda komeo lile kuliko mkufu wa dhahabu, maana lilikuwa linafungwa kwa ndani.

Huduma nyingine nazo zilikuwapo. Kulikuwa na semina ya kunawa mikono siku ambayo maji hayakuja. Akaja pia mtaalamu wa ushauri nasaha, akawauliza wanajisikiaje kuhusu nyumba zao zilizokwenda na maji. Wakamwambia vibaya. Akawashukuru, akapanda bajaji.

Lakini mradi hauli bila matokeo. Kwa hiyo siku hii ilikuwa ya mahafali. Kila mkaazi anavalishwa fulana ya njano, anapewa cheti cha kujitegemea na ndoo ya plastiki, anapigwa picha, halafu anatoka getini na chumba chake kinatiwa kufuli. Kutolewa huko Zubery anakuita kuhitimu. Unahitimu kwenda wapi? Hilo halikuwa kwenye semina.

Mzee Shaibu alihitimu mwaka jana. Sasa analala kwenye banda la mnada wa samaki Kilindoni, na cheti amekitia kwenye fremu ya kioo kisilowe. Cheti kina nyumba. Yeye hana.

Ni Somoe peke yake aliyeiponyoka fulana ya njano. Mwanamke wa eda hatolewi nyumbani, na hakuna mtu kisiwani, awe na shahada au shoka, atakayemburura nje akabaki na heshima yake. Zubery ni mzaliwa wa Kilindoni, alilijua hilo vizuri. Aliposhindwa kumtoa akaamua kumtumia. Akajipiga picha kando ya pazia, kakunja uso wa huruma, akairusha mtandaoni: Stara yampa tumaini mjane Somoe.

Naye Somoe alikuwa anataka kitu kimoja tu, muda. Kaka yake kule Chole anamjengea chumba nyuma ya kwake. Kuta zimesimama, makuti bado. Eda ilikuwa inampa huo muda. Sasa mfu kaja na hodi yake.

"Ulikuwa wapi?" Bi Nasma ndiye aliyeuliza, kwa niaba ya kisiwa kizima.

"Boti ilipasuka nje ya Ras Mkumbi," Iddi akasema. "Wenzangu waliniona nazama, kweli nilizama. Mkondo ukanibeba kaskazini. Wakaniokota wavuvi wa Kizimkazi, mguu umevunjika. Simu ilikwenda na maji, na namba zote zilikuwa humo."

"Na mdomo je, nao ulikwenda na maji? Kizimkazi hakuna watu wa kutuma salamu?"

Iddi akatazama chini.

"Niliona haya, Bi Nasma. Nimeondoka hapa nikimwambia mke wangu nitarudi na bati za kuezekea. Nirudi na mguu wa kuburuta? Nikasema nipone kwanza, nifanye kazi, nirudi na kitu. Juzi kijana mmoja kanionyesha simu yake. Naona pazia. Naona huyu bwana kanuna kando yake. Nasoma, kumbe nimekufa. Na watu mia nne wamebonyeza moyo mwekundu."

Dakta Wafaa akamgeukia Zubery polepole.

"Meneja, mjane wetu ana mume?"

Uso wa Zubery ulisawijika. Lakini msimdharau Zubery. Mtu aliyeweza kuita kufukuzwa mahafali hakosi pa kutokea. Akapiga makofi.

"Allahu akbar! Muujiza, Dakta! Familia imeungana! Hakuna mfu, hakuna eda. Dada Somoe, toka uvae fulana, uhitimu na wenzako!"

Akachomoa fulana ya njano kwapani. Alikuwa nayo tayari, saizi ya Somoe.

Pazia likafunguka. Somoe akatoka na nguo zake nyeupe, akasimama mbele ya mumewe. Nilitaka kuwaandikia kwamba walikumbatiana. Alitaka, wallahi alitaka, mikono ilikuwa imekwisha kunyanyuka. Kisha akaona fulana, akaona kufuli mkononi mwa Zubery, mikono ikashuka.

"Iddi," akasema, machozi yanamtoka. "Nimekulilia mpaka sauti imenikauka. Siku zote hizo hukuona siku ya kurudi ila leo?"

"Nimerudi kwangu, Somoe."

"Kwako wapi? Ukiwa maiti nina chumba. Ukiwa hai sina."

Iddi akageuka kuangalia uwanja. Chini ya turubai watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, wamevaa njano tupu. Nyuma yao mizigo yao: magodoro yaliyokunjwa, masufuria, jogoo mmoja kafungwa mguu. Akaelewa. Mvuvi hahitaji semina kujua chombo kinachozama.

Kwenye meza ya wageni alikuwapo Maalim Ukasha, aliyealikwa kusoma dua na aliyekuwa akiisubiri pilau kwa subira ya kidini. Iddi akamwendea.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi kwa kurudi. Tulikuswalia."

"Nimesikia. Ahsanteni. Maalim, eda ya mke wangu imekwisha?"

"Haikuwapo. Mtu aliye hai hakaliwi eda."

"Mmesikia!" Zubery akapaza sauti. "Maalim mwenyewe!"

"Na mke akiachwa," Iddi akaendelea bila kumtazama, "eda anaikalia wapi?"

Maalim akaweka tende chini. "Pale pale alipokuwa akikaa. Mwenyezi Mungu amekataza wasitolewe majumbani mwao. Kwa nini unauliza?"

Iddi alikwisha kumpa mgongo. Alirudi mpaka mbele ya mkewe, mguu unachora mstari mchangani.

"Somoe," akasema. "Bati sikuleta. Sina kitu kingine cha kukupa. Nimekuacha, talaka moja."

Kule kwenye mizigo sufuria likamponyoka mtu.

Somoe alimwangalia kama mtu aliyepokea zawadi na kofi kwa mkono mmoja. Akarudi ndani, akashusha pazia, na watu wote wakasikia komeo likiingia mahali pake.

"Iddi!" Maalim alikuwa amesimama. "Talaka haina mzaha!"

"Sikufanya mzaha, Maalim." Na uso wake ulionyesha hivyo.

"Hii ni njama!" Zubery alifoka. "Dakta, huu ni udanganyifu dhidi ya mradi! Maalim, waambie haikupita!"

"Mradi wako siujui. Talaka naijua. Imepita."

"Haya, imepita! Lakini eda inakaliwa nyumba ya mume. Hii siyo ya mume, hii ni ya mradi!"

Bi Nasma alikuwa amengojea mlango huo. Akanyoosha kidole ukutani. Pale, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa za kuonekana kutoka barabarani, Zubery mwenyewe alikuwa ameamuru yaandikwe maneno ya kuwafurahisha wafadhili: STARA, HAPA NI KWENU.

"Kwetu," akasema Bi Nasma. "Si umeandika mwenyewe? Au ile ni rangi tu?"

Watu wakacheka. Dakta Wafaa alificha mdomo kwa upindo wa mtandio, lakini mabega yalimsaliti.

"Eda ya talaka ni muda gani, Maalim?" akauliza.

"Twahara tatu za hedhi. Kama miezi mitatu hivi."

"Basi huyu abaki. Mradi wa Stara hautamtoa mwanamke wa eda. Wengine wahitimu."

Hapo ndipo Zubery alipoharibikiwa hasa. Maana "wengine" nao wana masikio. Chini ya turubai, wake wakaanza kuwatazama waume zao, na si kwa mahaba. Mama mmoja akamsukuma mumewe kwa kiwiko.

"Umekaa tu. Mwenzio kasimama."

"Nimefanya nini mimi?"

"Hujafanya kitu, ndiyo tabu yenyewe. Sema neno, tubaki na chumba."

"Unataka nikuache?"

"Nataka paa! Utanirudia masika yakiisha."

Mwanamume mmoja safu ya nyuma alikwisha kusimama, anakohoa kusafisha koo. Maalim Ukasha akaipora maiki mkononi mwa mshereheshaji.

"Asifungue mtu mdomo!" sauti yake ikatikisa turubai. "Wallahi nasema, asifungue mtu mdomo! Wewe wa nyuma, kaa!"

Wa nyuma akakaa. Mkewe akamnunia.

Mnacheka? Chekeni tu, na mimi nilicheka. Kisha nikajiuliza ni mahafali gani haya, ambayo watu wako radhi kuvunja ndoa zao ili wasihitimu. Dakta Wafaa naye nadhani alijiuliza, kwa sababu aliacha kucheka, akaanza kuyatazama magodoro yale, moja baada ya jingine.

Zubery aliliona jicho hilo, akaelewa. Ikiwa mwanamke mmoja atabaki chumbani kwa sababu ya talaka, kesho maswali yatakuja, keshokutwa hakuna awamu ya pili ya mradi, na bila awamu ya pili hakuna meneja. Somoe lazima avae njano leo hii. Akamshika Iddi mkono, akamvuta kando ya tangi la maji, Bi Nasma akiwafuata nyuma kama kivuli chenye kanga.

"Iddi, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya asali. "Talaka moja ina rejea. Neno moja tu, 'nimekurejea', mke wako tena. Hakuna mahari mpya wala harusi. Na mimi nitakupa kazi ya ulinzi hapa. Kuna kibanda cha mlinzi."

"Kibanda kinatosha watu wangapi?"

"Mlinzi."

"Na mke wangu na watoto?"

"Watakuwa wahitimu."

Iddi akauchomoa mkono wake. "Sirejei. Nimemwacha apate chumba, na chumba atakaa nacho. Kaka yake akimaliza kuezeka, nitakwenda Chole kwa magoti kumwomba anirudie. Siyo leo."

Somoe alikuwa anasikia yote. Ukuta wa ghala ni mbao, na tangi liko nyuma ya kitanda chake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi mpaka chini. Alikuwa na paa. Alikuwa na muda. Alikuwa hata na mume, kwa namna ya kuzunguka.

Na hapo, wasomaji wangu, ingefaa Bi Nasma apatwe na kikohozi, au aumwe na siafu, kitu chochote kile. Lakini alikuwa ameshinda asubuhi nzima, na mshindi hajui kunyamaza.

"Na hiyo miezi mitatu, Zubery, usiihesabu!" akarusha. "Somoe ana mimba! Mimi mkunga, nimeipapasa kwa mkono huu. Eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Utamwona humo mpaka ukome!"

Somoe, nyuma ya mbao, alifumba macho. Alikuwa amemwapisha mama yule asiseme. Walikwisha kumfanya picha ya mjane. Hakutaka wamfanye picha ya mjane mjamzito.

"Mimba?" Iddi alisema.

"Ya kabla hujasafiri, usinitolee macho. Ulimwachia mzigo ukaenda kuzama."

Iddi alishika tangi. Mtu alikuwa na moyo wa kumwacha mwanamke anayempenda, akajikaza, akasimama nao. Lakini hesabu ya mtoto hakuwa ameipiga.

"Somoe," akaita kwa ukuta. "Ni kweli?"

Ndani alisikika mwanamke analia. Kilio kile kilikuwa jibu.

Zubery akamtazama Iddi, akaona machozi, na taratibu, kama mtu aliyeokota alichokuwa amepoteza, akatabasamu. Bi Nasma akaliona tabasamu lile. Akajiziba mdomo kwa viganja viwili, lakini neno halirudi tumboni.

"Iddi, Iddi," Zubery akasema, na sasa hakunong'ona tena. "Mtoto wako azaliwe na talaka? Watu wa Mafia waseme baba yake alitoka kaburini kuja kumwacha mama yake? Twende."

Akamwongoza mpaka jukwaani. Iddi alifuata, kalegea. Watu wakasimama juu ya viti. Zubery akamnyang'anya Maalim maiki.

"Maalim, mume akitaka kurejea ndani ya eda, anahitaji ridhaa ya mke?"

Maalim Ukasha alimwangalia kwa chuki iliyo wazi. Lakini elimu ni amana, haifichwi.

"Hahitaji," akasema.

"Na akirejea, eda inabaki?"

"Haibaki."

"Mmesikia. Dakta, umesikia." Fulana ya njano aliitundika begani, kufuli akalitia mfukoni karibu na mkono. Kisha akaisogeza maiki mpaka mdomoni mwa Iddi. "Sema, baba. Neno moja. Mkeo, mtoto wako."

Ndani ya chumba, Somoe alikuwa amesimama wima. Mkono mmoja tumboni, mwingine juu ya komeo. Alisikia pumzi za Iddi zikipita kwenye spika, nzito, zimejaa chumba chote. Alikuwa akizijua pumzi hizo usingizini. Usiku mwingi aliomba azisikie tena hata mara moja, na sasa zilikuwa zinakuja kumtoa nje na wanawe wawili na wa tatu njiani.

Alijua mumewe anataka kusema nini. Alilitaka neno lile. Hakuna neno alilolitaka zaidi duniani.

Akaupiga ukuta kwa ngumi, mbao zikalia uwanja mzima.

"Iddi!" akapiga kelele. "Kama unanipenda, nyamaza!"

Watu wote wakaligeukia pazia, kisha wakageuka kumtazama Iddi. Zubery akaisukuma maiki karibu zaidi, mpaka ikamgusa midomo.

Iddi akafumba macho. Halafu akafumbua mdomo.